The Keep on the Borderlands: hadithi iko wapi?

Swali: Nimeanza kuwaendeshea marafiki wanne mchezo wa Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika) kwa kanuni za mwaka 1981, na moduli niliyochagua, yaani kijitabu cha safari iliyoandaliwa tayari, ni The Keep on the Borderlands. Tumecheza mara mbili. Mara ya kwanza wahusika wawili walikufa kwenye pango la koboldi (viumbe wadogo dhaifu), mara ya pili wakafa watatu kwa orki (viumbe wakali wanaofanana na watu). Wachezaji wanalalamika kwamba ni kufungua mlango, kupigana, kisha mlango mwingine. Nimesoma kijitabu chote na sioni hadithi: hakuna adui mkuu, hakuna kazi waliyotumwa, hata watu wa ngomeni, wahusika wanakoanzia safari, hawana majina. Nafikiria kuandika kisa changu, kwamba binti wa mkuu wa ngome ametekwa, nikipachike juu yake. Nifanye hivyo, au nitafute moduli nyingine?

Jibu: Usitafute moduli nyingine, na kisa cha binti kiweke kando kwa sasa. Hadithi unayoitafuta imo humo humo, ila haikupangwa sura kwa sura. Imetawanywa vyumbani: huyu anamlipa yule, hawa wanawakwepa wale, yule kafungwa minyororo kwa sababu alinaswa na jirani yake. Ukivisoma vyumba kimoja kimoja, kila kimoja ni mlango na mapigano. Ukivisoma kwa pamoja, unaona kijiji kizima cha mahasimu wanaokaa ukuta kwa ukuta. Kinachokosekana mezani kwako ni kijiji hicho kuamka.

Inasaidia kujua moduli hii ilitokea wapi. Iliandikwa na Gary Gygax, aliyeasisi mchezo pamoja na Dave Arneson, na kampuni ya TSR ikaanza kuichapisha mwaka 1979. Kwa miaka kadhaa ilikuwa ikitiwa ndani ya sanduku la Basic Set, lile la wanaoanza mchezo, kwa hiyo watu wengi mno walijifunza uendeshaji kwa kuishika hii kwanza. Ilichukua nafasi ya In Search of the Unknown ya Mike Carr, ambayo vyumba vyake viliachwa vitupu ili mwendeshaji mwenyewe ajaze viumbe na hazina. Gygax alijaza karibu vyumba vyote. Alichomwachia mwendeshaji ni kuamua kitakachotokea pale wageni wenye panga watakapojitokeza bondeni, na kwa hilo alimpa vifaa vya kutosha. Vifaa hivyo ndivyo watu wanavyovipita haraka wakikimbilia maelezo ya pango A.

Rudi kwenye maelezo ya jumla ya Mapango ya Machafuko, yaani korongo lenye mapango wanamokaa viumbe hao, yale maelezo yanayotangulia orodha ya vyumba. Kuna aya fupi kuhusu miungano na vita vya makabila. Inasema kwamba goblini na hobgoblini (jamaa zao wakubwa zaidi) wako upande mmoja. Orki wako upande wa pili, na mara nyingine noli (watu wenye vichwa vya fisi) huwaunga mkono. Koboldi wanaomba tu wasahauliwe na wote. Na bagbea (goblini wakubwa wenye manyoya) hudaka yeyote anayepita peke yake. Inaongeza kwamba wachezaji wakilijua hilo wanaweza kuwachonganisha, wakanufaika na udhaifu wa waliopigana. Mimi naiona aya hiyo ndiyo moyo wa moduli nzima. Ramani imechora mapango kumi na moja, A hadi K, na aya hii ndiyo inayokwambia nani anamchukia nani. Inakili kwenye karatasi uiweke mbele yako kila mnapocheza.

Karibu nayo kuna maagizo mengine yenye uzito uleule. Viumbe wenye akili, hata akili ndogo, wajifunze kutokana na yaliyowapata: wachezaji wakiwachoma kwa mafuta, nao watafute mafuta. Pango likishasafishwa hubaki tupu wiki moja hadi nne, kisha waliosalimika hurudi au kiumbe kingine huhamia. Wanaotekwa wanaweza kukombolewa kwa fedha. Ukiyafuata hayo peke yake, mchezo wa tatu hautafanana na miwili iliyopita.

Nikuonyeshe jinsi vyumba vinavyoshikana. Chukua goblini wa pango D na zimwi wa pango E. Kwenye ramani hao ni maskani mbili zenye herufi mbili tofauti. Lakini kati yao kuna mlango wa siri, na goblini wana mfuko wenye vipande 250 vya dhahabu uliowekwa tayari. Wakivamiwa wanapiga ukelele wa kuomba msaada, mfuko unarushwa kwa zimwi, naye anakuja kupigana. Zimwi huyu ni askari wa kukodiwa. Amejipatia mali kwa kuwatumikia goblini na hobgoblini, na orki na noli nao wamewahi kumnunua. Kijitabu kinasema wazi kwamba akiwekewa mbele ya macho yake malipo makubwa kuliko ya goblini, malipo anayoweza kuyashika, kuna uwezekano mkubwa atayachukua na kurudi zake pangoni.

Fikiria hilo likitokea mezani. Wachezaji wako wamebanwa kwenye ukumbi mwembamba, goblini mbele, jitu linatokea ubavuni. Kama wewe unajua tu kwamba pango E lina zimwi, watapigana na zimwi, na kwa wahusika wa ngazi ya kwanza, yaani wanaoanza, huo ni msiba. Kama unajua kwamba yupo pale kwa ajili ya mfuko, basi mwache aingie ameushika mkononi. Mwache auangalie. Mchezaji mmoja akiuliza, "Ana nini mkononi?", umeshampa mlango wa kutokea ambao hauko kwenye ramani. Wakimnunua, kuanzia siku hiyo zimwi anawajua, na goblini wanajua kwamba mlinzi wao ana bei. Hapo umepata kisa ambacho hukukiandika.

Halafu kuna jedwali la uvumi, lenye habari ishirini ambazo wahusika huanza nazo, nyingine za kweli na nyingine za uongo. Moja ya zile za uongo inadai kwamba ukelele wa goblini, "Bree-yark!", ni tamko la kusalimu amri. Kwa hakika ndio ukelele ule ule wa kuita msaada. Usilichukulie jedwali hili kama pambo. Kila mchezaji apewe uvumi wake kwa siri, kwenye kikaratasi, kabla ya kutoka ngomeni, na wewe usimwambie kama ni wa kweli. Watu hujadiliana kwa bidii sana pale kila mmoja anapojua kitu ambacho mwenzake hakijui.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwa hobgoblini, pango F. Mlangoni kuna mafuvu na maandishi kwa lugha ya wote: karibuni, tungependa kuwa nanyi kwa chakula cha jioni. Ndani kuna chumba cha wafungwa, na hapo Gygax amekusanya watu sita waliofungwa minyororo. Kuna mfanyabiashara mnene aliyekaribia kufa, ambaye anatakiwa kuliwa usiku huo huo. Kuna mkewe, naye yuko kwenye foleni hiyo. Kuna walinzi wao wawili. Kuna orki. Na kuna noli aliyerukwa na akili.

Kila mmoja amepewa la kufanya akifunguliwa. Mfanyabiashara akifikishwa ngomeni, chama cha wafanyabiashara kitatoa vipande 100 vya dhahabu na kuwapa waokoaji uanachama wa heshima. Mkewe atawazawadia jambia la kichawi alilonalo chumbani kwake ngomeni. Walinzi watakubali kuwatumikia waokoaji mwaka mzima kwa chakula na malazi tu, mradi wapewe silaha na deraya. Orki atapigana kwa furaha dhidi ya hobgoblini na goblini akipewa silaha, kisha atatoroka nafasi ya kwanza atakayoipata, abebe chochote anachoweza kubeba, na kwenda kuwaeleza wenzake wa pango B yote aliyoyaona. Noli atanyakua silaha na kuwashambulia waliomfungua.

Umetaka mateka, na hao wapo tayari. Tena ni bora kuliko binti wa mkuu wa ngome, kwa sababu kumwokoa binti kuna jibu moja tu, wakati chumba hiki kinawalazimisha wachezaji waamue jambo lenye ncha mbili: tumfungue orki au tumwache? Wakimfungua, wanapata mkono wa ziada leo na jasusi dhidi yao kesho. Nakushauri uusogeze mbele uvumi wa kutoweka kwa mfanyabiashara. Chama chake kiko ngomeni. Karani anaweza kuuliza kama kuna aliyeuona msafara. Hujaandika kisa kipya, umewasikilizisha tu wachezaji kile ambacho tayari kiko ukurasani.

Sasa niseme kuhusu vifo vitano, kwa sababu sidhani kwamba umekosa bahati. Moduli inasema yenyewe kwamba imetengenezwa kwa wahusika sita hadi tisa wa ngazi ya kwanza. Wewe una wanne. Inaagiza pia kwamba kundi likiwa dogo, mwendeshaji awape askari wa kukodi au wahusika wasaidizi. Askari hao wanapatikana kwenye baa ya ngome, na kanuni za 1981 zina utaratibu wa kuwaajiri wasaidizi unaotegemea haiba ya mhusika anayewaajiri. Wachezaji wapya huwa hawaulizi kwa sababu hawajui kwamba inawezekana. Mwenye baa na awaambie kwa mdomo wake: "Mnakwenda huko wanne? Wale waliokaa pale kwenye kona wanatafuta kazi." Ukifika watu wanane, wenye mikuki wakiwa nyuma ya wenye ngao, pango la koboldi linakuwa kitu kingine kabisa. Na yule mwenye nguvu za kichawi, kama bado hana uchawi wa usingizi, kwenye uhusika wake mpya apewe huo. Katika kanuni zako unalaza viumbe wadogo wengi kwa mkupuo, bila wao kupewa nafasi ya kujiokoa.

Lakini chanzo kikubwa zaidi cha vifo, kwa jinsi ulivyoeleza, ni kwamba kila mliyekutana naye alipigana mpaka mwisho. Kanuni zako zina hatua mbili za kurusha dadu zinazozuia hilo, na waendeshaji wengi huziruka.

Ya kwanza ni dadu ya mapokezi. Viumbe wasipokuwa na maelekezo maalumu, unarusha dadu mbili za pande sita kuona wanawapokeaje wageni. Ukipata 2 tu ndipo wanashambulia papo hapo. Ukipata 3 hadi 5 wana uhasama na huenda wakashambulia. Ukipata 6 hadi 8, matokeo yanayotoka mara nyingi kuliko mengine, hawajaamua. Kutoka 9 hadi 11 hawashambulii. Wanaondoka au wanasikiliza mnachowapa. Ukipata 12, wanawapenda. Maana yake ni kwamba mara nyingi kuna muda wa kuongea, hata kama ni sentensi mbili. Orki asiye na uhakika anauliza, "Nani kawatuma? Wale wa ng'ambo?" Na hapo hapo wachezaji wanajifunza kwamba kuna wa ng'ambo.

Ya pili ni dadu ya ujasiri. Kwenye kitabu cha 1981 imetajwa kuwa ya hiari. Kwa moduli hii mimi naihesabu kuwa ya lazima. Kila aina ya kiumbe ina namba yake. Unarusha dadu mbili pale mwenzao wa kwanza anapokufa, na tena nusu yao wakishaanguka; jumla ikizidi namba yao, wanakimbia au wanajisalimisha. Koboldi wana 6. Piga hesabu: jumla ya dadu mbili huzidi 6 mara 21 katika 36, yaani zaidi ya nusu. Kwa hiyo walinzi wa koboldi, akishakufa mmoja wao, mara nyingi wanatimua mbio. Wakiwa na mkuu wao namba inapanda hadi 8, na ndiyo sababu ya kumtafuta mkuu. Mlinzi anayekimbia ana mahali anakokimbilia, ana mtu anayemwambia, na akikamatwa ana maneno ya kusema. Mateka mmoja wa koboldi anaweza kuwaeleza wachezaji kuhusu shimo la mtego lililo karibu na mlango wao, pale wahusika wako wawili walipofia au karibu na hapo.

Yako mambo ya pointi za uzoefu pia, na haya uwaeleze wachezaji waziwazi kabla hamjaanza tena, kwa sababu yanabadilisha tabia yao yote. Katika kanuni zako orki mmoja ana thamani ya pointi 10, goblini au koboldi 5, na hizo zinagawanywa kwa kundi. Mpiganaji anahitaji 2,000 kufika ngazi ya pili. Hazina, kwa upande wake, inatoa pointi moja kwa kila kipande cha dhahabu kinachofikishwa salama nyumbani. Mchezo unamlipa anayetoka na mali akiwa hai, kuua hakulipi. Wachezaji waliozoea michezo ya kompyuta hudhani kila kiumbe ni pointi zinazotembea. Waambie ukweli huo, kisha waache wapange: kuiba, kuhonga, kuchonganisha, kuingia usiku. Mfuko wa zimwi peke yake unazidi orki 20.

Kuhusu majina. Ni kweli, watu wa ngomeni wameandikwa kwa vyeo: mkuu wa ngome, koplo wa lango, mwandishi, mhunzi, mwenye benki. Gygax alikusudia uwape majina wewe. Usikae kuwapa wote. Chagua wanne au watano watakaokutana na wachezaji kila wanaporudi: wa langoni, wa baa, wa duka, mmoja wa chama, na padri. Wape jina, jambo moja wanalolitaka, na jambo moja wanalolilalamikia. Wengine wapate majina siku wachezaji watakapowauliza.

Mmoja hataki kungoja, naye ndiye adui mkuu uliyedhani hayupo. Katika nyumba za kupangisha za ngomeni anakaa padri mgeni, mchangamfu, anayepokea watu kwa moto wa kuni na kinywaji. Kila mtu anamsifu. Ni msikilizaji mzuri, hamlazimishi mtu imani yake, na analaani uovu kwa sauti ya juu. Ana wasaidizi wawili ambao watu wanawakwepa kwa sababu hawasemi kamwe. Yeye anaeleza kwamba wameweka nadhiri ya kunyamaza mpaka wapandishwe cheo. Akifuatwa na kundi linalokwenda mapangoni, ataandamana nalo bila kusita. Na yeye ni wa upande wa Machafuko: kwenye saa mbaya kuliko zote atawageuka.

Sasa mtazame huyu pamoja na pango K, hekalu la Machafuko lililo mwisho wa korongo, lenye makuhani waovu na wafu wanaotembea, na seli ambamo amefungwa medusa (mwanamke mwenye nyoka kichwani, anayegeuza watu jiwe) ambaye makuhani hawajaamua wamfanye nini. Moduli haikuandikii barua kati ya padri na hekalu, wala haikwambii nani aliwaleta makabila yote haya bonde moja. Mimi nisingeacha nafasi hiyo ipotee. Amua kwamba padri anapeleka habari. Basi kila siri ambayo wachezaji wako wanamsimulia mbele ya moto wake inafika korongoni: njia waliyopita, idadi yao, uchawi walio nao. Usiwafichue hilo kwa maneno. Wakute pango walilolijua likiwa na kizuizi kipya mahali walipoingilia juzi. Watajiuliza wenyewe nani kasema. Lakini usimtumie padri kuwaua wote kwa usaliti mmoja ambao hawakuwa na njia ya kuushuku. Wale wasaidizi wasiosema, na watu wanaowakwepa, ni dalili ambazo unapaswa kuzionyesha zaidi ya mara moja.

Mazingira yenyewe ni machache: ufalme wa binadamu na washirika wao upande mmoja, nguvu za Machafuko zikisukuma kutoka ng'ambo, na ngome hii pembeni kabisa mwa ustaarabu. Baadaye sanduku la Expert la 1983, lenye kanuni za ngazi za juu zaidi, liliiweka ngome ndani ya Karameikos, kwenye ulimwengu uliokuja kuitwa Mystara, na mwaka 1999 ukatoka mwendelezo wa John D. Rateliff unaorudi korongoni miaka kama ishirini baadaye. Huhitaji chochote kati ya hivyo kwa sasa. Unachohitaji ni eneo la kati, baina ya ngome na korongo, ambalo makundi mengi hulivuka kama barabara tu. Humo kuna kichuguu cha watu-mijusi, buibui wakubwa, kambi ya majambazi, na mtawa mwendawazimu anayeishi na simba wa milimani. Majambazi ni muhimu kuliko wanavyoonekana: ni binadamu, wanaichungulia ngome, na wanaweza kuvizia kundi linalorudi limechoka na limebeba dhahabu.

Kuna jambo zito ambalo hukuliuliza, na litakukuta kama bado halijakukuta. Maskani za makabila zimeandikwa pamoja na majike na watoto, wengi wao wasiopigana. Wachezaji wakifika chumba cha pamoja cha koboldi wakiwa na mikuki, mtajikuta mnaongea kitu ambacho hamkuja kukiongea. Waendeshaji wengine huwafuta kwenye ramani. Mimi nawaacha, kwa sababu mahali pasipo na watoto pana walengwa tu, hapana wakazi, na moduli hii inategemea wakazi. Ila zungumza na wachezaji wako mapema, mkubaliane mezani kwenu nini hakitafanyika. Kisha waache hao wasiopigana wafanye kile ambacho wangefanya: wakimbie. Wanakokimbilia ni siasa. Wadogo wa goblini wakipokelewa na hobgoblini, muungano umekaza. Wakikamatwa na bagbea, goblini waliobaki wana deni la damu, na wanaweza kuja wenyewe usiku mpaka kambini mwa wachezaji kuomba msaada. Hilo nimeliona likibadilisha kampeni nzima, na hakuna aliyelipanga.

Vyumba viwili vya hatari uvitazame kabla. Pango la minotauro (kiumbe mwenye kichwa cha fahali) lina uchawi unaopoteza watu mwelekeo, kwa hiyo mchora ramani wako atakosea bila kujua. Usiwavute kule mpaka wapande ngazi. Pango G, ambalo hata wakazi wa bonde hulikwepa, lina dubu-bundi. Uvundo wake uwafikie mlangoni, na koboldi waliotekwa wakatae kuingia. Mtu akiingia baada ya hapo, amechagua mwenyewe.

Kwa mchezo wenu wa tatu ningefanya hivi. Wachezaji waliopoteza wahusika watengeneze wapya, na mmoja wao awe ni mlinzi mwingine wa mfanyabiashara: aliponyoka siku msafara uliposhambuliwa, na bwana wake bado yuko ndani ya pango F. Anajua mlango wa hobgoblini na maandishi yake, hajui kilicho nyuma yake. Karani wa chama atangaze zawadi. Mwenye baa aonyeshe askari wa kukodi. Padri asikie habari na aje kuwaombea safari njema, na kama wakimkaribisha, aende nao. Mwache orki mmoja aliyenusurika na mapigano yenu ya pili awe amesharudi kwa wenzake, nao wawe wameshatega upya. Orki wa pango C, kwa mfano, wana nyuzi zisizoonekana vizuri zinazoangusha wavu wenye vyuma vya kupiga kelele, na sasa wale wa B wameiga.

Kisha kaa kimya uwasikilize wakipanga. Wataulizana kama hobgoblini wana maadui. Wakikuuliza wewe, wajibu kwamba zimwi anayekaa jirani huenda anajua, na kwamba bei yake mara ya mwisho ilikuwa vipande 250.